Karatasi Iliyojaa Tiki

Kila siku saa nane mchana bibi alikohoa mlangoni kabla ya kuingia, na Chiriku akajua uhuru wake umekwisha.

"Haya, mjukuu wangu. Twende kazini."

Kazini kwenyewe kulikuwa kitandani. Chiriku aliweka kando daftari la hesabu, akashika magongo yake, akajikongoja hadi kwenye kitanda kilicho chini ya dirisha, akalala kifudifudi. Bibi alimwekea mto chini ya nyonga ili chuma kilichofungwa pajani kisibane. Nje, watoto wa majirani walikuwa wakiruka kamba. Kamba iligonga chini, pa, pa, pa, na kila ilipogonga Chiriku alizidi kukunja uso. Ilikuwa wiki ya tano sasa tangu upasuaji, na alikuwa amechoka na kitanda, amechoka na dirisha, amechoka hata na jina lake. Walimwita Chiriku kwa sababu ya kusema sana. Siku hizi hakuwa na la kusema ila "inauma".

Chiriku alizaliwa na mfupa mfupi kwenye paja la kulia. Hakuanguka, hakurogwa, wala mama yake hakula kitu kibaya alipokuwa mjamzito, ingawa majirani wenye midomo mirefu walikuwa na majibu yao. Mfupa haukukua tumboni kama ulivyopaswa, basi. Ni jambo linalotokea kwa nadra sana, mtoto mmoja kati ya maelfu kwa maelfu, na halipigi hodi.

Alipofika miaka kumi na miwili, mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto kwa sentimita saba. Ili asichechemee sana, alivaa kiatu chenye soli nene ajabu, na shuleni wakakiita kiatu cha tofali. Ndipo daktari wa mifupa alipoamua kuurefusha mfupa. Aliukata katikati kwa upasuaji, akafunga chuma kirefu kwenye ubavu wa paja, kinachoshikwa na pini sita zilizopenya hadi ndani ya mfupa. Chuma kile kilikuwa na skrubu. Mara nne kwa siku, baba yake, ambaye alikuwa fundi wa pikipiki na gereji yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akaizungusha skrubu robo mzunguko kwa spana ndogo. Robo nne zilifanya milimita moja. Vipande viwili vya mfupa viliachana polepole, na katikati yake mwili ukajaza mfupa mpya.

Mpango ulikuwa sentimita tano. Zile mbili ambazo zingebaki zingefichwa na kisoli ndani ya kiatu cha kawaida. Kiatu cha kawaida! Chiriku alikuwa amekwisha kukichagua: cheupe, chenye kamba za bluu, chepesi kama unyoya.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Mfupa ulikubali kurefuka, lakini misuli ya paja haikutaka. Ilikaza kama kamba ya kuanikia nguo, ikalishika goti lisikunjike. "Mfupa unavutwa na spana," mama alipenda kusema, "misuli inavutwa na jasho." Kwa hiyo Chiriku alipaswa kufanya mazoezi mara tano kwa siku: asubuhi na baba, mara tatu mchana na bibi, na jioni mbele ya mama. Kila mara goti likunjwe mara kumi, na kila mkunjo ushikiliwe kwa hesabu ya thelathini.

"Moja," bibi alianza, akiushika muundi na kuusukuma ili kisigino kielekee makalioni. "Mbili. Tatu."

"Bibi, inauma!"

"Pole, mama yangu. Nne. Tano."

"Bibi, kweli inauma. Kama moto!"

"Sita. Saba." Mikono ya bibi ilianza kulegea. "Nane, tisa, kumi na mbili, ishirini, thelathini. Basi, basi, imekwisha!"

Walifanya hivyo mara tatu, si kumi. Kisha bibi akaketi ukingoni mwa kitanda, akajifuta jasho kwa ncha ya khanga.

"Mtoto anateswa kama mfungwa," alinung'unika. "Mimi nililea watoto sita, sikuwahi kumkunja hata mmoja. Lete karatasi hiyo."

Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa kabati. Ilikuwa na mistari na miraba, mitano kwa kila siku, na kila zoezi likifanyika unaweka tiki. Chiriku aliweka tiki ya saa nane. Halafu, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi tayari, akaweka na ya saa tisa na ya saa kumi.

"Ili usisumbuke kuinuka tena, bibi."

"Una akili wewe," alisema bibi, akaenda kujinyoosha.

Rafiki yake, ambaye watu wote walimwita Kiroboto kwa sababu hakuweza kutulia mahali pamoja, alichungulia dirishani na kamba mkononi. Yeye ndiye aliyemletea Chiriku madaftari ya shule.

"Mmemaliza? Sasa hivi tu nimemwona bibi akiingia."

"Tumemaliza."

"Dakika tano? Si ulisema ni karibu robo saa?"

"Wewe ni polisi?"

"Mimi nauliza tu," alisema Kiroboto, akaruka kamba mara mbili papo hapo. "Usinile."

Mama alirudi jioni kutoka kwenye kiwanda cha mikate, unga ukiwa bado kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa maneno machache na hatua ndefu. Hakuketi. Alivuta kiti hadi mbele ya utepe mweupe alioubandika sakafuni.

"Kaa. Mgongo wima. Kisigino."

Chiriku alipaswa kukaa kwenye ukingo wa kiti na kuburuta kisigino kirudi nyuma mpaka kifike kwenye utepe. Kama goti limekunjika vya kutosha, kisigino kinafika. Lakini Chiriku alikuwa amegundua jambo. Mama alipoinama kuutazama utepe, yeye alijivuta nyuma kwenye kiti kiasi cha vidole vitatu. Mwili ukirudi, mguu wote unarudi, na kisigino kinafika kwenye utepe bila goti kukunjika hata kidogo.

"Vizuri," alisema mama. Akatazama karatasi. Tiki tano. "Vizuri sana." Akaenda jikoni.

Chiriku alibaki kwenye kiti. Alipaswa kufurahi, lakini hakufurahi. Goti lilikuwa gumu kama ubao, na maneno yale, "vizuri sana", yalimkwaruza. Alijiambia kwamba kesho ataanza upya. Alikuwa amejiambia hivyo kwa wiki mbili.

Siku ya Alhamisi mama aliomba ruhusa kazini, wakaenda hospitali watatu: mama, bibi na Chiriku. Chumba cha mazoezi ya viungo kilikuwa mwisho wa ukumbi. Kilikuwa na magodoro ya plastiki yaliyochubuka kwenye kona, mipira mikubwa ya rangi, vyuma viwili vya kushikilia unapojifunza kutembea, na kioo kirefu ambacho mtoto asiyetaka kujiona hakuweza kukikwepa. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa bwana mfupi mwenye viganja vipana. Kwa sababu ya maneno aliyoyasema kutwa nzima, watoto wote walimwita Bwana Ongeza.

"Shikamoo," alisema Chiriku.

"Marahaba, Chiriku. Panda hapa tuone." Alichukua kipimapembe, kile cha mikono miwili kama rula zilizofungwa pamoja, akakiweka kwenye ubavu wa goti. "Kunja. Ongeza kidogo. Ongeza kidogo tena."

Akasoma. Akapima mara ya pili, kisha ya tatu.

"Arobaini na mbili," alisema. "Wiki iliyopita ilikuwa hamsini na moja. Ile ya kabla, sitini. Mama, karatasi iko wapi?"

Mama alimpa. Bwana Ongeza aliipitia kwa kidole, siku baada ya siku. Hakuna mraba uliokuwa wazi.

"Mnafanya yote haya?"

"Tiki hizo hapo," alijibu mama. "Na mimi mwenyewe namtazama kila jioni. Kisigino kinafika kwenye utepe."

"Basi sielewi." Bwana Ongeza alijikuna kichwa. Alionekana kama mtu aliyebeba mzigo njia nzima, kisha akaambiwa kwamba nyumba siyo hiyo. "Sielewi kabisa. Ngojeni nimwite daktari."

Daktari wa mifupa alikuja na kalamu sikioni. Alilikunja goti, akasoma karatasi, akaanza kuzungumza na mama juu ya kichwa cha Chiriku, kama watu wazima wafanyavyo.

"Mama, goti likishuka chini ya arobaini na tano, hatuendelei. Tukiendelea linaweza kukakamaa moja kwa moja, au kuteguka. Kama mtoto angekuwa havuti misuli, ningesema avute. Lakini anafanya kila kitu. Mazoezi thelathini na tano kwa wiki, na bado goti linashuka! Maana yake misuli imefika mwisho wake. Nasimamisha skrubu leo. Mfupa ubaki hapo ulipofika, ukomae."

"Umefika wapi?"

"Sentimita tatu."

"Tulisema tano." Sauti ya mama ilipanda. "Daktari, mtoto huyu amefungwa vyuma wiki tano. Baba yake anaacha kazi mara nne kwa siku. Tumekosea wapi?"

"Hakuna aliyekosea, mama. Mwili una mipaka yake."

Chiriku alipiga hesabu kichwani. Saba ukitoa tatu, nne. Sentimita nne haziingii ndani ya kiatu cha kawaida. Ni tofali jembamba kidogo, lakini ni tofali.

Aliona pia jambo jingine, na hilo ndilo lililomtisha. Ingekuwa rahisi. Hakuna ambaye angemlaumu. Bibi angemwambia pole, mama angemkumbatia, Bwana Ongeza angempapasa bega, na lawama zote ungetwishwa mguu wake. Mguu ule ulikuwa umelaumiwa tangu ulipozaliwa kwa makosa ambayo si yake. Sasa alikuwa anauongezea lingine.

Daktari aliitoa kalamu sikioni.

"Usiandike," alisema Chiriku.

Wote wakamgeukia.

"Tiki ni za uongo. Ya asubuhi ni ya kweli, nafanya na baba. Za mchana ni za uongo. Tunafanya mikunjo mitatu, naweka tiki, naweka na nyingine mbili. Na jioni," hakuthubutu kumtazama mama, "jioni najivuta nyuma kwenye kiti."

"Unajivuta nyuma?" alisema mama polepole. "Mbele ya macho yangu?"

"Ukiinama kutazama utepe."

Halafu bibi akakohoa kile kikohozi chake.

"Na mimi nimo," alisema. "Msimwache mtoto peke yake. Aliyehesabu ni mimi."

"Ulihesabuje, bibi?" aliuliza daktari.

"Kumi na mbili, ishirini, thelathini."

Bwana Ongeza alifunika mdomo kwa kiganja. Alipokiondoa, hakuwa anacheka. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya Chiriku, macho kwa macho.

"Sikiliza. Mimi siishi kwenu. Sioni kitanda chako, sioni saa nane yako. Karatasi hii ndiyo macho yangu nyumbani kwenu. Ukiijaza uongo, umenitia upofu, halafu unanipa mguu wako niushughulikie nikiwa kipofu. Daktari alikuwa anaandika dawa ya ugonjwa usio wako. Umenielewa?"

"Ndiyo."

"Nimekasirika, nakwambia wazi. Na nimefurahi kwamba umesema kabla ya wino. Yote mawili."

Daktari alitazama kalenda ukutani. "Tatizo ni kwamba mfupa wa mtoto haungoji. Nikiiacha skrubu ikae, ule mfupa mpya unashika kama saruji, na hatutaweza kuendelea. Nitapunguza. Badala ya robo nne kwa siku, mbili. Na nakupa siku saba. Goti lifike hamsini Alhamisi ijayo. Lisipofika, tunafunga kazi, na safari hii sitazuiwa."

Njiani mama alitembea mbele kwa hatua zile ndefu, mara akasimama kuwangoja, mara akasahau akaenda tena. Chiriku alimfuata kwa magongo, to, to, to, akitamani agombezwe basi yaishe. Walipofika nyumbani mama aliketi. Hilo peke yake lilikuwa jambo geni.

"Nimekasirika nawe," alisema. "Lakini nimejikasirikia zaidi. Nilikuwa nautazama utepe, sikulitazama goti. Utepe haukunjiki." Kisha akamgeukia bibi, ambaye alikuwa mama mkwe wake, akapunguza sauti kwa adabu. "Mama, kwa heshima zote, kazi ya kuhesabu nimekunyang'anya."

"Ninyang'anye, mwanangu," bibi alijibu haraka. "Ilikuwa inaniua. Mimi nitamshika mkono tu, na mdomo nitaufunga."

"Utaweza?"

"Nitajaribu."

Mama alibadilishana zamu na mwenzake kiwandani ili awe nyumbani kufikia saa nane. Baba alipewa kipimapembe cha kuazima, akapima kila jioni kwa umakini uleule wa kupima injini, na namba akaiandika pembeni ya karatasi mpya. Kiroboto, alipopata habari, aliomba kazi ya kuhesabu.

"Mimi sina huruma," alisema. "Muulizeni mdogo wangu."

Hakudanganya. Alisimama kando ya kitanda, akirukaruka kwa mguu mmoja, akihesabu kama mwalimu wa gwaride.

"Ishirini na saba. Ishirini na nane. Ishirini na nane na nusu."

"Hakuna na nusu!"

"Umelegeza mguu. Ukilegeza, kuna nusu. Ishirini na tisa."

Mama ndiye aliyesukuma. Mikono iliyozoea kukanda unga ilijua hasa pa kubana na pa kuachia. Hakusukuma kwa nguvu za ghafla. Alingoja misuli ilegee, kisha akaongeza upana wa kucha. Chiriku alilia, akaliuma shuka, akamwita mama yake majina ambayo siku nyingine yangemletea adhabu. Bibi alimshika mkono, midomo ameibana hadi ikawa mstari. Siku ya kwanza goti lilifika arobaini na tatu, ya pili arobaini na tano, ya tatu arobaini na sita. Mateso yote yale, kwa digrii nne!

Siku ya nne Chiriku aliamka amevimba kwa hasira. Hasira haikuwa na jina la mtu. Alimkasirikia baba kwa kupiga mluzi, kamba ya watoto kwa kugonga, goti kwa kuwa goti. Mama alipoingia saa nane, Chiriku alichukua gongo moja akalitupa hadi likagonga kabati.

"Sifanyi! Kwa nini mimi? Kiroboto amezaliwa na miguu yake, anairusharusha tu, hata haitumii kwa maana! Mimi nalia siku tatu napata digrii nne. Sifanyi leo. Hamnilazimishi."

Kiroboto aliacha kurukaruka. Bibi alifungua mdomo, akaufunga.

Mama aliliokota gongo, akaliegemeza mahali pake. Alitaka kupaza sauti. Chiriku aliona jinsi shingo yake ilivyotuna. Lakini alivuta pumzi.

"Kwa nini wewe, sijui," alisema. "Kama ningejua ningekwambia zamani. Hutaki kufanya, siwezi kulikunja goti la mtu anayelikaza. Lakini utaandika. Andika kilichotokea."

Chiriku alichukua kalamu, akaandika kwenye miraba ya mchana na jioni, herufi kubwa zilizokaribia kutoboa karatasi: SIKUFANYA. NILIKASIRIKA.

Jioni baba alipima. Arobaini na tatu.

"Baba, pima tena."

Baba akapima tena. Arobaini na tatu. Digrii tatu zilikuwa zimepotea kwa mchana mmoja, na hakuna tiki ya kuzificha. Chiriku aliitazama namba ile kwa muda mrefu. Iliuma, lakini angalau alijua ilikotoka.

Asubuhi ya siku ya tano ni yeye aliyemwita baba kabla ya saa. Mchana alifanya mikunjo sita kati ya kumi, akaandika "sita". Jioni akafanya yote. Goti likarudi arobaini na tano. Siku ya sita, arobaini na saba. Usiku ule hakuna aliyezungumzia Alhamisi, na kila mtu aliifikiria.

Bwana Ongeza alipima mbele ya daktari. Chiriku alilikunja goti hadi macho yakamtoka.

"Ongeza kidogo."

"Hakuna tena!"

"Arobaini na tisa," alisema Bwana Ongeza.

Mama alifumba macho. Digrii moja! Kwa siku saba za kilio, kukosa digrii moja ni kama kufika mlangoni ukakuta kufuli. Chiriku alitaka kusema, "Si ni sawa na hamsini tu?" lakini alijua haikuwa sawa. Machozi yalimdondokea kwenye chuma.

"Nipe karatasi," alisema daktari.

Alisoma muda mrefu. Karatasi ile ilikuwa mbaya kutazamwa. Ilikuwa na tiki, namba, miraba mitupu, "sita", "nane", doa la chozi, na yale maneno makubwa katikati.

"Hii siku ya nne, kuna nini?"

"Nilikasirika."

"Naona. Nusura ukasirike hadi upande wa pili wa karatasi." Alimwonyesha Bwana Ongeza kwa kalamu. "Angalia. Akifanya, goti linapanda. Arobaini na tatu, na tano, na sita. Akaacha siku moja, likashuka. Akaanza tena, na tano, na saba, na tisa. Misuli hii haijafika mwisho wake hata kidogo. Inamfuata yeye."

"Kwa hiyo?" aliuliza mama.

"Kwa hiyo, mama, kama karatasi hii ingekuwa na tiki tupu na arobaini na tisa mwishoni, ningefunga kama nilivyosema. Nisingejua kwa nini hakufika. Sasa najua, amekosa digrii moja kwa sababu ya siku moja ya hasira, na hasira si ugonjwa wa misuli. Tunaendelea. Robo tatu kwa siku, si nne. Goti likishuka tena chini ya arobaini na tano, utaniona na kalamu yangu."

Bibi alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti iliyofika ukumbini, akajishika mdomo.

Ilichukua wiki tatu na siku moja, na hazikuwa wiki nzuri. Zilikuwa na vilio, na mguno, na Kiroboto na nusu zake. Kati ya miraba yote, kumi na mmoja ilibaki bila tiki, na kila mmoja uliandikwa sababu yake. Jioni moja baba alizungusha skrubu robo ya mwisho, akaifuta spana, akasema, "Tano," kama mtu anayekabidhi pikipiki kwa mwenyewe. Chuma kingekaa miezi mingine mfupa ukomae. Lakini urefu ulikuwa umepatikana, na hakuna ambaye angeweza kuurudisha.

Mama alizibandua karatasi mlangoni mwa kabati. Chiriku alidhani atazitupa. Mama alizipekua moja baada ya nyingine, akasimama kwenye ile yenye herufi kubwa.

"Nilikuwa nakusifu kwa tiki," alisema. "Nilikosea. Mraba huu ndio uliokupa sentimita mbili. Sikiliza, mwanangu, nitasema mara moja tu kwa sababu nina kazi. Jambo likikushinda, sema limekushinda. Si aibu. Watu watakuja, mmoja atasukuma, mmoja atahesabu, mmoja atakushika mkono. Lakini ukisema umemaliza, kila mtu ataenda zake. Nani anamsaidia mtu aliyekwisha kumaliza?"

Chiriku alishika magongo yake, akajikongoja hadi kitandani.

"Haya," alisema mama, akikunja mikono ya gauni. "Mfupa umefika. Goti bado. Lala kifudifudi."